Nyuklia Siaya, Kuni Kericho

Nyuma ya viwanda vya chai, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, utakuta kuni za mikaratusi zimepangwa kupita kimo cha mtu. Ndizo zinazochemsha maji ya boila. Mvuke hupasha hewa moto, nayo hewa hukausha majani. Jani linapochunwa, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Likifika mnada wa Mombasa, maji yamebaki asilimia tatu hivi. Kwa hiyo kila kilo ya chai imegharimu kuvukiza kilo tatu na nusu hivi za maji, na hata pasingepotea joto lolote, kazi hiyo inataka nishati ya zaidi ya uniti mbili za umeme. Na joto hupotea, tena jingi, kupitia bomba la moshi.

Kuni hizi hazisikiki katika mjadala wa nyuklia. NuPEA, wakala wa serikali ya Kenya wa nyuklia, ilipotafuta mahali pa kujenga kinu ilianza na Uyombo, Kilifi. Wakazi wakakataa, na Mei 2024 waandamanaji wakakabiliana na polisi. Sasa inatazama Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na lengo ni umeme wa nyuklia ifikapo 2034.

Watetezi wana hoja. Kwa makadirio ya 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, uniti ya nyuklia hutoa gramu 12 hivi za hewa ya ukaa, ya makaa ya mawe 820. Ila umeme wa Kenya hautoki kwenye makaa ya mawe. Takribani asilimia 90 ni jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo na jua. Kinu kitasafisha nini, basi? Mahitaji yatakua, wanajibu, na upepo hauvumi kwa ratiba. Nakubali. Lakini kinu cha Barakah, pamoja na fedha zote za Falme za Kiarabu, kilianza kujengwa 2012 na umeme wa kwanza ukatoka 2020.

Turudi kwenye kuni. Mkaratusi ukikatwa na mwingine ukapandwa, kaboni hurudi mtini. Usipopandwa, au kuni zikitoka msitu wa asili, hesabu inavunjika. Umeme unaweza kukausha chai, na mashamba makubwa ya Kericho yamejizalishia wa mito kwa miongo mingi. Kinachozuia kuutumia kukausha ni bei.

Kwa hiyo mkulima wa chai unayesubiri bonasi, akija mtu kukuhubiria nyuklia, muulize uniti itauzwa shilingi ngapi mlangoni mwa kiwanda chako. Ikiwa ghali kuliko kuni, boila zitachoma mikaratusi hata baada ya 2034.