Haya, Somo na Majina ya Mwili

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu hata Unguja na Mrima, ilmu ya mwili ilikuwa na mwalimu wake na wakati wake, wala haikuwa kazi ya mama mzazi. Binti akivunja ungo, mama humwita somo, naye ndiye amwingizaye chumbani akamfundisha kukunja sodo na kuifunga, kuifua pasipo kuonwa na wanaume wa nyumba, kuhesabu siku zake, na kukoga josho la hedhi kwa nia. Na katika unyago, makungwi huvitaja viungo kwa majina yake, kwa kuwa waliopo wote ni wanawake na mlango umefungwa. Wavulana nao walikwenda kumbini kutahiriwa, kwa ngariba na nyakanga, wakafumbuliwa mafumbo ya nyimbo humo humo. Mtoro bin Mwinyi Bakari ameyaeleza mambo haya katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1903.

Lakini mtoto wa miaka minne hana somo. Akiuliza, huambiwa anyamaze, au hupewa neno “dudu” akaridhika nalo. Kisha hupelekwa chuo cha Kurani, akahifadhi katika Safinatu Najaa, kitabu cha fiqhi, kwamba kugusa tupu kwa kiganja hutangua udhu, akayaimba maneno hayo ya Kiarabu barabara, pasi na mtu kumwambia kwamba tupu inayotajwa ni hii aliyo nayo yeye. Fiqhi haikuona haya kuitaja. Haya hiyo ni yetu.

Nayo ina gharama. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba mahakama za nchi hiyo kwa jumla zimekubali semi kama “alinifanyia tabia mbaya” katika ushahidi wa watoto walionajisiwa. Ni insafu njema. Ila mtoto aliyenajisiwa, kabla hajamfikia hakimu, hana budi kusema kwanza na mtu wa nyumbani, na tabia mbaya ndilo neno lile lile aambiwalo amwagapo uji, basi amsikiaye huweza kumkemea na kupita zake.

Kwa rai yangu, kazi hii ni ya bibi, kwani baina yake na mjukuu pana utani unaoruhusu yale ambayo mama huyaonea haya. Amkogeshapo uani na amwambie: “Huu ni uke wako, mke mwenzangu, utawaze toka mbele kwenda nyuma, na atakayekugusa hapa, hata awe ami yako, njoo uniambie mimi.” Wako wahofuo kwamba jina litamwamsha mtoto kabla ya wakati, nami nawajibu kwamba jina atalipata kwa vyovyote, ila atalipata uchochoroni, katika matusi ya watu wagombanao, na hilo ndilo litakalotangulia kukaa moyoni mwake.

Wa kiume naye siku hizi hutahiriwa hospitali asubuhi, na adhuhuri yuko nyumbani amefungwa kikoi, pasi na nyakanga wala wimbo. Siku zile za kupona, alalapo mkekani hana pa kwenda, babu yake ana wasaa wa kukaa naye, akamweleza uume na korodani ni nini na kazi yake, na namna ya kujitwaharisha akishakojoa. Wala hana haja ya kutafuta pa kuanzia, kwani jeraha lenyewe limekwisha kumpa mtoto sababu ya kuuliza.