Tahadhari Kabla ya Hatari: Funzo la Gharika ya Mumbai

Upepo wa kusi, ambao kwa karne nyingi ulijaza matanga ya majahazi yaliyotoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda Bara Hindi, una kazi nyingine kubwa. Ukiisha kuvuka Ikweta hugeuza mwendo, hubeba unyevu wa bahari, na tangu Juni hadi Septemba huwanyeshea watu wa India mvua yao kubwa ya mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha mpunga na kujaza visima. Lakini neema ikizidi kipimo, nayo ikamkuta binadamu hajajiweka tayari, hugeuka kuwa msiba. Jiji la Mumbai, ambalo zamani liliitwa Bombay, lilipata funzo hilo Jumanne, tarehe 26 Julai, 2005.

Asubuhi hiyo wanafunzi walikwenda shuleni kama siku yoyote ya mvua. Ilipofika alasiri mvua ilizidi mno. Katika muda wa saa 24 kituo cha kupimia mvua cha Santacruz, kaskazini mwa jiji, kilipata milimita 944, kiasi kinachokaribia mvua ya mwaka mzima katika mji wa Nairobi. Jambo la ajabu ni kwamba Colaba, kusini mwa jiji lilo hilo, yapata kilomita 20 tu kutoka hapo, ilipata milimita 73. Hivyo mzazi aliyekuwa kazini upande wa kusini aliweza kutazama dirishani akaona mvua ya kawaida, kumbe mtaa anaosoma mwanawe unazama.

Yaliyompata mwanafunzi mmoja siku ile yaliwapata maelfu ya wenzake. Garimoshi zilisimama, mabasi yakakwama, na simu nyingi zikanyamaza. Mbele ya kila mtoto na kila mwalimu palikuwa na swali moja: kubaki au kuondoka? Waliobaki shuleni walilala juu ya madawati, wenye njaa na hofu, lakini katika ghorofa za juu walikuwa salama. Walioondoka walitembea kwa saa nyingi gizani ndani ya maji yaliyowafika viunoni, pasipo kujua wapi kuna barabara na wapi kuna mtaro. Wengi waliokolewa na wema wa watu wasiowajua, waliowafungulia milango, misikiti na mahekalu, wakawapa chai na mahali pa kulala. Wazazi nao walikesha bila kupata habari za watoto wao.

Wengine hawakurudi kabisa. Katika jimbo zima la Maharashtra watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha. Kuna waliozama, kuna waliofunikwa na maporomoko ya udongo, na kuna waliokosa hewa ndani ya motokaa zao baada ya maji kuzuia milango isifunguke. Maji yalipokwisha kupungua yakafuata maradhi, hasa homa ya leptospirosisi, ambayo huenezwa na mkojo wa panya uliochanganyika na maji ya mafuriko.

Haingekuwa haki kuitupia mvua lawama zote. Mto Mithi, unaopita katikati ya jiji, ulikuwa umebanwa na majengo na kujazwa takataka. Mifereji ya zamani ilizibwa na mifuko ya plastiki, na bahari ilipojaa maji ya mvua yalikosa pa kutokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na watu wa Mumbai waliujenga kwa gharama kubwa. Mwaka ule ule India ilitunga sheria ya kukabiliana na maafa. Baadaye jiji lilipata rada bora ya hali ya hewa na mitambo ya kusukuma maji baharini. Siku hizi, onyo kali likitolewa, mara nyingi shule hufungwa kabla maji hayajafika mlangoni.

Familia za askari zina sababu ya pekee ya kulitia funzo hili moyoni. Gharika ya Mumbai ilipotokea, polisi, wanajeshi na wanamaji waliitwa kwenda kuokoa wananchi. Ndivyo ilivyo kila mahali: siku ambayo nyumba inamhitaji sana baba au mama askari, ndiyo siku ambayo taifa nalo linamwita. Kwa hiyo mpango wa nyumbani lazima uwepo mapema, nao uweze kutekelezwa bila yeye.

Kwanza, mzazi na mwalimu wapatane kabla ya msimu wa mvua kwamba maji yakizingira shule, mtoto asiondoke mpaka achukuliwe na mtu anayejulikana. Pili, kila mtoto akariri jina kamili la mzazi, mtaa au kambi anamoishi, na nyumba ya jirani atakamokimbilia. Tatu, watoto wafundishwe kutoyaingia maji yanayokwenda kasi, kwani hata yakiwa ya magotini huweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huenda kuna shimo lililopoteza mfuniko. Nne, vyeti vya kuzaliwa, vya shule na vya ndoa vifungwe katika mfuko usiopenya maji na kuwekwa mahali pa juu, pamoja na tochi, redio ya betri, dawa na maji safi ya kunywa. Tano, mitaro ya mtaa izibuliwe wakati wa kiangazi, na mifuko ya plastiki isitupwe ovyo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni jioni moja ya mazungumzo, watoto wakiwepo, wakati anga ni jeupe na kila mtu yuko nyumbani. Mvua haina miadi na mtu, na usiku wa mafuriko si wakati wa kuanza kuulizana njia.