Mizani ya Hila Mwilini

Mizani ya hila tunayoikemea haiko sokoni tu. Huko Ufaransa kampuni ya Poly Implant Prothèse ilitengeneza mifuko ya silikoni ya kutiwa ndani ya matiti. Baadhi ya waliotiwa walikuwa wamekatwa titi kwa ajili ya saratani, basi tusiwacheke. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba silikoni ile ilikuwa ya viwandani, isiyoruhusiwa kutiwa mwilini, na mifuko ilipasuka kuliko kawaida. Mwaka 2011 serikali iliwashauri wanawake wapatao 30,000 watolewe mifuko hiyo. Mwanzilishi, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Dada mwenye mfuko wa namna yoyote, akiona titi limevimba au limebadilika umbo, amwone daktari bila haya.