Kufundisha karte kwa telefone moja: mfano wa Goma na Nyiragongo

Leo tuongelee jografia, somo lenye wengi wetu tulisoma paka juu ya pointi.

Mwanafunzi wa Congo akimaliza sekondari anaweza kukuhesabia provensi zote 26 zenye tuko nazo tangu 2015, na kuchora mto Congo ku tablo bila kuangalia kaye. Lakini umpe karte ya muji wake mwenyewe, yenye mistari ya mwinuko, umuulize: mvua ikinyesha kule juu, maji itapita wapi? Ananyamaza. Si ujinga. Alifundishwa karte kama picha ya kukariri, juu Exetat inauliza maswali ya kuchagua jibu, na hakuna mtu mwenye alimuomba kupima kitu.

Kwa muji kama Goma, kunyamaza huko kuko na bei. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, Nyiragongo ililipuka. Lava ilikata barabara ya Rutshuru na kufika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Usiku ule watu walikimbia kila upande, wengine Gisenyi, wengine Sake. Tarehe 27 wakubwa wakaamuru sehemu kubwa ya muji ihame. Watu wengi walikuwa na karte ya muji mzima ndani ya telefone, mfukoni, lakini kuwa na karte na kuisoma ni vitu viwili.

Njo maana mimi naona mwalimu wa jografia aanzie pale mwanafunzi anapoishi, asianzie Ulaya wala kwa karte ya dunia. Kwa Goma tuchukue volkano yenyewe. OpenTopoMap inaonyesha mistari ya mwinuko bure, kwa kivinjari chochote. Ukingo wa ziwa Kivu uko karibu mita 1 460 juu ya bahari, na kilele cha Nyiragongo karibu mita 3 470. Kati yao, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 19. Wanafunzi wagawanye wenyewe: mita 2 000 kwa kilometa 19, ni kusema mlima unapanda karibu mita 105 kwa kila kilometa.

Hapo somo linaanza kweli, juu hiyo hesabu inadanganya kidogo. Mlima haupandi sawasawa. Mwambie mwanafunzi atazame mistari: kule juu imesongamana, karibu inagusana, huku chini, upande wa muji, imeachana. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni tambarare. Sasa achore sura ya mlima kwa karatasi ya miraba: kwa ulalo, sentimeta 1 iwe kilometa 1, kwa wima, sentimeta 1 iwe mita 250. Anapata mchoro wa sentimeta 19 kwa 8. Atafurahi, mlima wake unatisha! Umuulize juu ya nini unatisha hivyo. Ni kwa sababu wima tumeikuza mara nne kuliko ulalo. Mwanafunzi mwenye ameelewa hiyo, hakuna mchoro wa jarida utamdanganya tena.

Kisha apitishe kalamu ya rangi pale lava inaweza kupita: inafuata mabonde na sehemu za chini, sawa vile maji. Lakini muambie pia mpaka wa karte. Mwaka 2002 lava haikumwagika tu kutoka kileleni. Ardhi ilipasuka upande wa kusini mpaka chini karibu na Munigi, na lava ikapita katikati ya muji mpaka ziwani. Kwa hiyo mchoro wa kalasi hauchukui nafasi ya maagizo ya wataalamu wa volkano. Mwanafunzi anajifunza kuyaelewa hayo maagizo wakati yanatoka. Na hiyo si kidogo.

Najua mwenye kusoma anasema: sawa, lakini kalasi yangu iko na wanafunzi 60, moto hakuna, na mega zinaisha. Ni kweli. Telefone moja ya mwalimu inatosha. Organic Maps na OsmAnd zinakuruhusu kupakua karte ya eneo nzima mara moja, kisha unaitumia bila intaneti. Unapakua mangaribi pale rezo ni nzuri, unapiga picha ya skrini, unapeleka kwa fotokopi. Karatasi moja kwa wanafunzi wane inaenda vizuri, tena wanabishana, na mabishano inafundisha kuliko mwalimu.

Paka chunga jambo moja kwa fotokopi. Tuseme karte iko kwa kipimio cha 1:50 000, sentimeta 1 ni mita 500. Ukiikuza kutoka A4 kwenda A3, kila mstari unarefuka kwa asilimia 41. Maandishi "1:50 000" bado iko pale, lakini sasa ni uongo: sentimeta 1 imekuwa karibu mita 354. Ule mstari mdogo wenye kuonyesha kilometa, kwenye pembe ya karte, wenyewe umekua pamoja na karte, kwa hiyo unabaki kusema kweli. Unapopiga picha ya skrini, hakikisha huo mstari umeingia. Bila ule mstari, uko na picha tu, hauna karte.

Zoezi lingine lenye wanafunzi wanapenda ni la namba za mahali. Goma iko karibu -1.68, 29.22. Namba ya kwanza ni latitudo, na alama ya kutoa inamaanisha kusini ya ekweta. Waache waiharibu makusudi. Wakiondoa ile alama, wanajikuta ndani ya pori ya Ituri, kaskazini ya Mambasa, zaidi ya kilometa 370 kutoka nyumbani. Wakigeuza namba, 29.22 mbele na -1.68 nyuma, wanaangukia jangwa ya Sahara, inchi ya Algeria. Hautarudilia tena kufundisha ekweta na meridiani ya Greenwich.

Karte ya dunia ije kisha. Dakika kumi zinatosha: onyesha Greenland kwa karte ya Mercator, yenye inaonekana karibu sawa na Afrika nzima, kisha andika ku tablo kwamba Congo yetu, na kilometa za mraba 2 345 000, ni kubwa kuliko Greenland. Tovuti ya The True Size inakuachia kuvuta inchi moja juu ya ingine. Wataipenda.

Jambo la mwisho, kwangu njo zito. OpenStreetMap, yenye ilianza 2004 na yenye Organic Maps na OsmAnd zinatumia, inaandikwa na watu wa kawaida. Katika kartiye zetu nyingi utaona nyumba na njia zimechorwa, juu mtu wa kujitolea mbali huko alizitazama kwa picha ya setilaiti. Lakini majina hakuna. Setilaiti haisome jina la avenue, wala haijui kama ile nyumba ndefu ni masomo ao dipo. Mtoto wa kartiye anajua. Patia kila kundi barabara mbili, warudi na majina yameandikwa kwa kaye, muyalinganishe ku kalasi, kisha mwalimu ayaingize. Kundi mbili zikileta majina tofauti kwa barabara moja, wamuulize mzee mwenye aliishi pale zamani.

Na muchague barabara kwa akili. Wasikaribie kambi ya askari ao bariere, wasipige picha, wasiandike mahali watu wamejificha ao wamehamia juu ya vita. Kaye na kalamu, mchana, wawili wawili, na wazazi wajue. Masomo, visima, vituo vya afya na majina ya avenue: kazi ya mwaka mzima iko pale.