"Kasongo": wimbo wa bwana mwenye hakurudi nyumbani

Karibu miaka 50 kisha kutoka, wimbo "Kasongo" wa orkestra Super Mazembe ungali unapigwa. Kusini mwa Maniema, mwenye kuusikia mara ya kwanza anaweza kufikiri unasifu muji wa Kasongo. Hapana. Kasongo wa wimbo huu ni mutu: bwana mwenye aliacha nyumba yake, na bibi yake anamuita arudi.

Hata wanamuziki wenyewe walikuwa mbali na kwao. Kikundi kilianza Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, kikiongozwa na Longwa Didos Mutonkole. Kilipitia Zambia, na mwaka 1974 kikafika Nairobi. Kule kikachukua jina la Super Mazembe, ni kusema zile mashini kubwa zenye kusukuma udongo.

"Kasongo" ilitoka mwaka 1977. Wakati ule wimbo ulitembea kwa disiki ndogo ya pande mbili. Mara nyingi rumba ilikatwa katikati: upande mumoja maneno, upande wa pili magitaa yenye kuinua watu kwenye viti. Maneno ni ya Kilingala, lakini Wakenya wengi wenye hawakijui waliupokea kama wao. Kisha ikafuata "Shauri Yako", wimbo wa Nguashi Ntimbo wenye Super Mazembe iliurudilia kwa sauti ya Lovy Longomba. Mwaka 1983 kampuni Virgin ya Uingereza ikatosha albamu yao "Kaivaska".

Sifa hazikuwapa usalama. Miaka ya 1980, ruhusa ya kazi ilikuwa ngumu kwa wanamuziki wageni wa Nairobi. Super Mazembe ikavunjika mwaka 1985.

Mwisho wa mwaka 2024 wimbo ulifufuka kwa namna yenye hakuna mutu aliitazamia. Vijana wa Kenya walianza kumuita rais wao, William Ruto, "Kasongo" kwa kumucheka, na wimbo wa zamani ukajaa kwenye simu. Ruto mwenyewe alitaja jina hilo mbele ya watu. Wengi wenye waliucheza hawakuwa wamezaliwa wakati ulipotoka.

Kasongo na Kabambare, maana ya kwanza haihitaji mutafsiri. Wanaume wanaondoka kufuata zahabu upande wa Salamabila na Namoya, wengine wanaenda Kindu ama Bukavu. Kuna wenye kurudi na kitu, kuna wenye kurudi mikono mitupu, na kuna wenye bibi zao wangali wanawangojea.

Njia hiyo ni ya zamani. Karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilitoka Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikapita Kabambare mpaka Kasongo, makao ya Tippu Tip. Kiswahili kiliingia Maniema kwa njia hiyo. Miaka mia moja kisha, Wakongo walielekea mashariki wakibeba magitaa.

Mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya mali za utamaduni wa dunia. Watu wengi walitaja Kinshasa na Brazzaville. Lakini sehemu ya rumba hiyo ilirekodiwa Nairobi, na Wakongo wenye waliishi kule kwa ruhusa ya muda. Wimbo wao mumoja wenye kujulikana sana unaita mutu arudi nyumbani.