Haki kazini (3): Pole si fidia

Toleo lililopita lilihusu mkataba wa ajira, na wasomaji kadhaa wameuliza: kibarua asiye na karatasi yoyote akiumia kazini, atadai kwa msingi gani? Nitafika huko. Kwanza twende Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana moja ya samani ambayo jina lake nitaliacha.

Kijana wa jirani yangu aliingia kwangu jioni moja, mkono wa kushoto umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. "Shikamoo, mzee." Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Mashine ya randa ilikuwa imeondoka na vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati. Tajiri wake, ndivyo mafundi wanavyomwita mwenye karakana, alimkimbiza hospitali kwa gari lake, akalipa bili, na usiku ule akamwachia mama yake bahasha ya shilingi 150,000.

"Tajiri ni mtu mwema," akaniambia.

Sikumbishia. Nikaomba kuona karatasi za hospitali. Kwenye cheti, kwa mwandiko ule wa madaktari unaohitaji mkalimani, paliandikwa kwamba mgonjwa amejikata akiwa nyumbani. Nani alisema hivyo? Kijana akatazama sakafu. Aliyejibu maswali mapokezi alikuwa tajiri. Yeye alikuwa ameushika mkono wake ndani ya fulana iliyolowa damu, hana habari na mtu.

Neno hilo moja, "nyumbani", linatosha kuua madai. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, haimtaki mfanyakazi athibitishe kuwa mwajiri alikuwa mzembe. Hata kama ni wewe uliyeteleza, unalipwa. Inachouliza ni kama ajali imetokana na kazi na imetokea ukiwa kazini. Safari ya kwenda au kutoka kazini kwa gari la mwajiri nayo imo. Utovu wa nidhamu wa makusudi unaweza kukunyima haki, lakini hata hapo, kama umepata ulemavu mkubwa au umefariki na kuacha wategemezi, sheria inalegeza kamba. Kwa hiyo, maelezo anayoyaandika daktari siku ya kwanza yana uzito kuliko hotuba yoyote utakayoitoa baadaye. Ukiweza kutamka, tamka mwenyewe: nimeumia kazini, kwa mashine fulani, saa fulani.

Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Kabla yake tuliishi na sheria ya enzi za mkoloni, ambayo kiwango chake cha juu cha fidia kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, pungufu ya ile bahasha ya Keko. Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake: sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka uliofuata. Mfanyakazi hachangii hata senti. Ukiyaona makato ya WCF kwenye hati yako ya mshahara, nenda ukaulize, na uulize kwa sauti.

Sasa yule kibarua. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumwondoi kwenye sheria. Shida yake ni ushahidi. Na ushahidi mara nyingi anao mfukoni bila kujua: jumbe za simu za malipo ya kila Jumamosi kutoka namba ileile, picha ya kundi mbele ya karakana, wenzake waliokuwa pale mashine ilipokata. Kama mwajiri hakujiandikisha kwenye Mfuko, kosa ni lake, wala lisikufunge mdomo.

Muda ndio unaowaponza wengi. Mpe mwajiri taarifa mapema iwezekanavyo. Hata kwa mdomo inakubalika, ila mimi nasisitiza ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe una tarehe. Yeye ana siku 7 za kuifikisha kwa Mfuko. Akikaa kimya, peleka mwenyewe, maana ajali isipofahamishwa ndani ya miezi 12 haki inapotea. Nimewaona watu waliokuja mwezi wa kumi na tano wakiwa bado wanasubiri "tajiri alisema tutayamaliza wenyewe".

Na hesabu yenyewe? Mbali na matibabu, anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya pato lake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kijana wetu alikuwa akipata kama 400,000 kwa mwezi; asilimia 70 yake ni 280,000, na hiyo ni ya mwezi mmoja tu wa kukaa nyumbani. Jeraha likishapona kadiri linavyoweza kupona, madaktari hupima ulemavu uliobaki kwa asilimia. Ukiwa 30 au chini unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Usiyeridhika na uamuzi unaanza kwa kuomba Mfuko wenyewe uupitie upya, na njia inaweza kukufikisha hadi Mahakama ya Kazi. Mafao ya wategemezi nayaacha kwa toleo lijalo, yanahitaji ukurasa wake.

Tulirudi hospitali, mimi na kijana. Muuguzi akalitafuta daftari la chumba cha upasuaji, na humo, siku ileile, mtu aliyesafisha kidonda alikuwa ameandika: vumbi la mbao, mashine ya randa. Daktari akarekebisha cheti. Tajiri naye, baada ya kununa wiki nzima, akajaza fomu ya taarifa ya ajali. Alikuwa na swali moja tu: je, zile laki moja na nusu zitakatwa kwenye fidia?

Mama wa kijana ndiye aliyemjibu. Zile zilikuwa za pole, akasema, na tayari ameshanunulia unga.