KAMUKUNJI: UWANJA WA WOTE ULIOPATA KUFUNGWA

Karibu na mitaa ya Pumwani na Shauri Moyo, Nairobi, upo uwanja wa wazi uitwao Kamukunji. Yafaa kila mwananchi aijue habari yake.

Mwaka 1990 Bwana Kenneth Matiba na Bwana Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi, waliita mkutano hapo tarehe 7 Julai, kudai vyama vingi vya siasa. Serikali ilikataza mkutano huo, na tarehe 4 Julai ikawatia wote wawili kizuizini. Siku ilipowadia, watu walikwenda vivyo hivyo. Polisi wakawatawanya kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Ghasia zikaenea, na watu wakafa. Siku hiyo ndiyo Saba Saba.

Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ilifutwa. Tarehe 18 Januari 1992 umati mkubwa uliujaza uwanja ule ule kwa ruhusa.

Leo katika Kenya mkutano wowote wa watu huweza kuitwa kamukunji. Jina limedumu, kilichobaki ni uwanja wenyewe kulindwa na wale ambao ni wao.